Wilhelm Schickard, Mtumishi wa Neno Aliyeunda Mtambo wa Kuhesabu

Siku hizi hata huku kwetu Mloka, ukingoni mwa Mto Rufiji, si ajabu kumwona kijana ameketi chini ya mwembe, simu yake mkononi, akihesabu bei ya ufuta wa baba yake kabla ya kuupeleka kwenye mizani. Abonyeza mara mbili tatu, na jumla yatokea. Jambo ambalo mzee wake angelifanya kwa kokoto na vidole, tena kwa kurudia mara nyingi, yeye amekwisha kulimaliza kabla hajavuta pumzi. Wako wazee wa kanisa ambao hutuuliza kama mitambo hii yenye akili ya kuhesabu ni jambo la kuwafaa watu wa Mungu, au ni upuzi wa dunia uwatoao vijana katika njia. Na wako vijana wanaodhani kwamba elimu hiyo imetoka kwa watu wasiomjali Mungu, na kwamba Kanisa halina fungu ndani yake.

Hatutaki kuwajibu kwa maneno matupu. Twaona ni heri kuwasimulia maisha ya mtu mmoja aliyekufa zamani sana, mhubiri wa Kilutheri, mwalimu wa Kiebrania, ambaye mnamo mwaka 1623 aliunda mtambo wa kuhesabu ambao wataalamu wengi wauhesabu kuwa wa kwanza wa namna yake. Jina lake Wilhelm Schickard.

Alizaliwa tarehe 22 Aprili 1592 katika mji mdogo wa Herrenberg, nchi ya Württemberg, kusini mwa Ujerumani. Nchi ile ilikuwa imeyapokea mafundisho ya Martin Luther tangu mwaka 1534. Baba yake alikuwa fundi wa mbao na ujenzi, na mama yake alikuwa binti wa mchungaji. Basi mtoto huyu alizaliwa kati ya patasi na Biblia, wala vitu hivyo viwili havikuachana naye maisha yake yote. Katika ukoo wa baba yake walikuwamo mafundi mashuhuri: ndugu wa baba yake, Heinrich Schickhardt, alikuwa mjenzi mkuu wa mtawala wa nchi, aliyejenga makanisa, madaraja na miji.

Alipokua alitiwa katika shule ya Bebenhausen, nyumba iliyokuwa zamani ya watawa, iliyogeuzwa kuwa shule ya kuwaandaa watumishi wa Kanisa. Kutoka huko akaenda Chuo Kikuu cha Tübingen. Akapata shahada yake ya kwanza mwaka 1609 na ya pili mwaka 1611, kisha akaendelea na elimu ya Mungu na lugha za Mashariki. Kiebrania alikipenda mno, kwa kuwa ndiyo lugha ya Agano la Kale. Lakini hakukoma hapo. Akajifunza na lugha nyingine zilizo jamaa yake, hata Kiarabu.

Mwaka 1614 akawekwa kuwa shemasi katika mji wa Nürtingen. Wasomaji wafahamu ya kuwa shemasi katika Kanisa la nchi ile alikuwa mchungaji wa pili wa usharika: alihubiri, alibatiza, alizika, alifundisha watoto Katekisimo. Mwaka uliofuata akamwoa Sabine Mack. Huko Nürtingen alidumu hata mwaka 1619. Hakuwa mtu wa kukaa bure. Saa zilizobaki baada ya kazi ya usharika alizitumia katika kuchora, kuchonga mbao, kukata picha katika bamba za shaba, na kuzitazama nyota.

Ndipo yalipotukia makutano yaliyoyageuza maisha yake. Mwaka 1617 alifika Nürtingen mtaalamu mkubwa wa falaki, Johannes Kepler, yule aliyevumbua kwamba sayari hazizungukii jua katika duara kamili bali katika njia ya mviringo uliorefuka. Kepler naye alikuwa mwana wa Württemberg, tena alisoma Tübingen akikusudia kuwa mchungaji. Lakini safari hii hakuja kwa sababu ya nyota. Mama yake mzazi, Katharina, mjane aliyekwisha kuzeeka, alikuwa ameshitakiwa na jirani zake kuwa ni mchawi. Mashitaka yale yalianza mwaka 1615. Baadaye mama huyo akatiwa gerezani kwa zaidi ya mwaka, akaonyeshwa vyombo vya mateso, wala hakukiri jambo asilolitenda. Mwanawe alimtetea kwa hoja moja baada ya nyingine, hata akaachiliwa mwaka 1621. Mwaka uliofuata akafa. Twaandika habari hizi bila kuzifunika, kwa maana nchi ya Wakristo, yenye makanisa na vyuo, ilikuwa na watu waliowakamata wajane na wazee kwa neno la uvumi. Nasi katika nchi yetu tumewaona wazee wakishukiwa kwa sababu ya macho mekundu tu. Mkristo asiwe wa kwanza kulipokea neno kama hilo.

Katika siku hizo za huzuni Kepler alimwona yule shemasi kijana, akapendezwa naye sana. Alimkuta ana mikono ya fundi na akili ya mwanachuoni. Akampa kazi ya kuchora na kuchonga picha za kitabu chake juu ya ulinganifu wa ulimwengu, kilichotolewa mwaka 1619. Tangu hapo wakawa marafiki wa kuandikiana barua.

Mwaka huo huo wa 1619 Schickard akaitwa Tübingen kuwa mwalimu mkuu wa Kiebrania. Makatekista wetu watapenda kujua alivyofundisha. Aliona kwamba wanafunzi walikuwa wakiogopa lugha ile, na ya kwamba vitabu vilivyokuwapo vilikuwa virefu na vizito. Mwaka 1621 akatengeneza gurudumu la karatasi, duara moja juu ya jingine, lenye vidirisha. Mwanafunzi akilizungusha aliona kitenzi cha Kiebrania kikibadilika kwa nafsi na nyakati. Mwaka 1623 akatoa kitabu kidogo cha lugha hiyo kilichogawanywa katika masomo 24, somo moja kwa saa moja, mfano wa saa za mchana na usiku. Kitabu hicho kilichapwa tena na tena kwa miaka mingi. Tena alitengeneza ramani ya nyota kwa karatasi ikunjwayo kama pia, na chombo kidogo cha kushika mkononi kilichoonyesha jinsi dunia na mwezi viendavyo kulizunguka jua. Katika picha yake iliyopakwa rangi mwaka 1632 ameshika chombo hicho mkononi mwake.

Sasa twafikia mtambo wenyewe. Ili kuufahamu yatupasa kwanza kuifahamu taabu aliyotaka kuiondoa. Kepler alikuwa akitengeneza majedwali ya kuonyesha mahali pa kila sayari kwa siku zilizopita na siku zijazo. Kazi hiyo ilitaka kuzidisha na kugawanya tarakimu ndefu, maelfu ya mara, kwa kalamu na wino. Ukikosea tarakimu moja leo, kazi ya majuma yote yafuatayo imeharibika. Msomaji aliyepata kuwa mtunza hazina wa usharika, akakesha na kijitaa akitafuta shilingi moja iliyopotea katika daftari, ataijua taabu hiyo, ingawa yeye aliionja kidogo tu.

Katika nchi ya Scotland alikuwako mtu aitwaye John Napier, aliyekufa mwaka 1617. Yeye alivumbua vijiti vilivyoandikwa hesabu za kuzidisha, ambavyo mtu akivipanga pamoja husoma jibu kwa kutazama. Schickard alivitwaa vijiti hivyo kwa akili yake, akavifanya kuwa mapipa madogo sita yasimamayo wima, kila moja limeandikwa jedwali la kuzidisha pande zote. Mtu akizungusha vifundo vya juu huiweka tarakimu aitakayo. Kisha husukuma ubao mwembamba, vidirisha vikafunguka, na majibu ya kuzidisha yakaonekana. Hiyo ndiyo sehemu ya juu ya mtambo.

Sehemu ya chini ilikuwa ya ajabu zaidi, maana hiyo ilijumlisha yenyewe. Palikuwa na magurudumu ya meno, moja kwa mamoja, moja kwa makumi, moja kwa mamia, hata sita. Tuseme mtu ana magunia 27 ya mpunga, akaletewa 15. Gurudumu la mamoja lasimama penye 7. Alizungusha hatua tano: 8, 9, sifuri, 1, 2. Lakini lipitapo kutoka 9 kwenda sifuri, jino moja la pekee hulisukuma gurudumu la makumi hatua moja, likatoka 2 likaingia 3. Kisha mtu azungusha lile la makumi hatua moja kwa ajili ya ile kumi ya 15, nalo lafika 4. Asoma 42. Akitaka kutoa, hurudisha nyuma. Lile jambo tulifundishalo watoto darasani, la kuweka moja akilini, sasa halikuwekwa akilini mwa mtu tena, bali katika jino la gurudumu. Na jumla ikizidi tarakimu sita, kengele ndogo hulia ili kumwonya mwenye kuhesabu. Chini kabisa palikuwa na vifundo vya kuandikia tarakimu za kukumbuka, ili mtu asihitaji karatasi.

Tarehe 20 Septemba 1623 Schickard alimwandikia Kepler kumjulisha ya kuwa mtambo umeundwa, akimwambia kwamba Kepler angecheka kwa furaha kama angekuwapo kuona jinsi unavyojipelekea makumi wenyewe. Kepler akataka naye apate mmoja. Basi Schickard akamwagiza fundi wa Tübingen, Johann Pfister, aunde mtambo wa pili kwa ajili ya rafiki yake.

Lakini mwezi Februari 1624 barua nyingine ikafika kwa Kepler, nayo ilikuwa barua ya majonzi. Usiku, bila mtu kujua, moto ulishika nyumbani kwa fundi, ukateketeza mtambo ule uliokuwa umefika nusu, pamoja na bamba za shaba na vitu vingine vya Schickard. Alisema imemwuma sana, wala hana nafasi ya kuunda mwingine upesi. Pamoja na barua akatia mchoro wa kalamu na maelezo ya sehemu zake. Huo mchoro ndio Kepler alioupata badala ya mtambo. Majedwali yake makubwa yalitoka mwaka 1627, yamehesabiwa kwa mkono.

Sisi tukaao kando ya Rufiji hatuhitaji kufafanuliwa jambo hili. Mwezi Aprili 2024 mto ulipofurika katika wilaya za Rufiji na Kibiti, watu walilala wana mashamba wakaamka wana maji. Mtu akiona kazi ya miezi imekwenda kwa usiku mmoja, hujiuliza kama ilimpasa kuianza. Twamtazama Schickard alivyofanya. Hakuunda mtambo mwingine, kwa kadiri ya habari zilizotufikia. Wala hakuketi kuulilia. Alirudi darasani kwa wanafunzi wake wa Kiebrania. Kisha akaanza kazi kubwa nyingine: kupima nchi yote ya Württemberg ili kuchora ramani iliyo sahihi. Alikwenda milimani na minarani mwa makanisa, akapima pembe kutoka mnara hadi mnara, akiungamanisha pembetatu moja na nyingine, hata nchi yote ikafumwa kama wavu. Mwaka 1629 akaandika kijitabu katika lugha ya watu wake, si kwa Kilatini cha wasomi, akiwafundisha wengine jinsi ya kuchora ramani.

Mwaka 1631 Michael Mästlin, aliyekuwa mwalimu wa Kepler, alifariki, na Schickard akapewa kazi yake ya kufundisha hesabu na falaki. Hata hivyo hakukiacha Kiebrania. Kepler mwenyewe alikuwa amekufa mwaka 1630, na barua zake zikabaki katika mafungu ya karatasi, na ule mchoro ukiwa ndani yake.

Wakati huo vita vilikuwa vikiiteketeza Ujerumani. Vita hivyo, vilivyoanza mwaka 1618 na kukoma mwaka 1648, vilipiganwa kwa jina la dini, wakuu wa Kikatoliki na wa Kiprotestanti wakishindana, lakini aliyeumia zaidi ni mkulima wa kila upande. Mwezi Septemba 1634 majeshi ya Waprotestanti yalishindwa vibaya huko Nördlingen, na askari wa Kaisari wakafurika katika Württemberg na kuingia Tübingen. Nyuma ya askari ikaja njaa, na pamoja na njaa tauni. Mkewe Schickard akafa, na binti zake wakafa. Yeye mwenyewe akashikwa na ugonjwa ule, akafa mwezi Oktoba 1635, umri wake miaka 43. Mwanawe mdogo aliyekuwa amebaki akamfuata upesi. Nyumba ikafungwa. Hakubaki mtoto wa kusema kwamba baba yangu aliunda mtambo.

Nao mtambo wenyewe, ule wa kwanza, haukuonekana tena. Mwaka 1623, mwaka ule ule ulioundwa, alizaliwa Ufaransa Blaise Pascal, ambaye tangu mwaka 1642 aliunda mtambo wake wa kujumlisha ili kumsaidia baba yake katika hesabu za kodi. Yeye hakujua habari za Schickard. Kwa muda wa miaka karibu 300 watu walifundishwa kuwa Pascal ndiye wa kwanza. Jina la Schickard lilikumbukwa na watu wa lugha na wa nyota tu. Hata mwezini kuna bonde la mviringo, upana wake wapita kilomita 200, lililopewa jina lake katika karne ile ile. Lakini habari za mtambo zilisahauliwa.

Mnamo mwaka 1935 mtaalamu Franz Hammer, aliyekuwa akikusanya kazi za Kepler, alikuwa akipekua karatasi zake zilizohifadhiwa Pulkovo, karibu na Leningrad katika nchi ya Urusi. Akakuta kipande cha karatasi chenye mchoro ambao hakuutambua maana yake. Baadaye akaona huko Stuttgart mchoro mwingine wa mkono wa Schickard, akatambua kwamba vyote viwili ni vya mtambo mmoja uliotajwa katika barua. Mwaka 1957 akawatangazia wataalamu waliokutanika Ujerumani. Ndipo Bruno von Freytag-Löringhoff, mwalimu wa Tübingen, akaifuata michoro ile na maneno yale machache, akauunda mtambo upya, nao ukakamilika mwaka 1960. Akazungusha gurudumu la mamoja kupita 9, na lile la makumi likasogea hatua moja, kama alivyoeleza yule mwalimu wa Kiebrania miaka 337 kabla yake.

Tusizidishe sifa. Mtambo wa Schickard haukuwa kompyuta kama tuijuavyo leo. Haukuweza kuwekewa maagizo ukayafuata peke yake; mtu ndiye aliyekuwa akiuambia, kwa vidole vyake, hatua moja moja, nini kifuate. Wazo la mtambo ufuatao maagizo yaliyoandikwa lilikuja kwa Charles Babbage wa Uingereza mwaka 1834, na Ada Lovelace akaeleza mwaka 1843 jinsi maagizo hayo yawezavyo kupangwa. Mwaka 1941 Konrad Zuse huko Berlin akakamilisha mtambo ulioyafuata kwa kweli. Hao hawakurithi kwa Schickard, kwa kuwa kazi yake ilikuwa imezikwa. Ni kama mjukuu aliyezaliwa na sura ya babu asiyepata kumwona. Hata hivyo wale wafundishao elimu ya kompyuta huko Tübingen wamekiita chuo chao kwa jina la shemasi wa Nürtingen.

Basi, wasomaji wapenzi, twajifunza nini katika maisha haya?

Kwanza, elimu ya hesabu si adui wa Neno. Mtu yule yule aliyewafundisha vijana kusoma Zaburi katika lugha yake ya asili ndiye aliyekata meno ya magurudumu. Hakuona aibu ya mikono yenye vumbi la mbao, naye Bwana wetu alilelewa katika nyumba ya seremala. Mzazi mwenye kijana apendaye kompyuta asimzuie. Amfundishe tu kuitumia kwa uaminifu, kwa sababu mizani ya udanganyifu haiwi ya haki kwa kuwa imehesabiwa na mtambo.

Pili, mwalimu mwema hupunguza mzigo wa mwanafunzi. Gurudumu la vitenzi na gurudumu la tarakimu vilitoka katika moyo mmoja, moyo wa kumhurumia mtu anayetaabika. Katekista anayewaona watoto wakishindwa somo asiwakemee kabla hajajiuliza kama yeye mwenyewe ametafuta njia nyepesi ya kulieleza.

Tatu, na hili ndilo gumu. Schickard alikufa akijua kwamba mtambo wa rafiki yake umeungua, kwamba nyumba yake imekwisha, na kwamba nchi yake imeharibiwa. Hakuahidiwa kuwa baada ya miaka 300 mtu atakiokota kipande cha karatasi. Wengi wamefanya kazi njema kama yeye, wala karatasi yao haijaokotwa mpaka leo. Kwa hiyo hatuwezi kuwaambia wasomaji wetu kwamba kila kazi iliyopotea itaonekana tena duniani. Twaweza kuwaambia tu kwamba Schickard aliifanya kazi yake kama mtu aliyepewa talanta na Bwana wake, naye atamtolea hesabu Bwana huyo, wala si dunia. Mungu atujalie nasi, kila mmoja mahali pake, shambani, darasani, katika daftari la usharika, kuifanya hivyo.